Nipe Mji: Maarifa Yanafaa Nini Mezani?

Mchezaji mgeni anapokaa nasi kwa mara ya kwanza hupewa karatasi ya mhusika, penseli na alama chache za kugawa. Baada ya dakika tano huuliza swali lile lile: "Hii historia inafaa nini?" Upanga anauelewa. Kupanda ukuta, kunyata gizani, kulenga mshale na kufunga jeraha ni mambo yenye faida inayoonekana kwa macho. Lakini historia, nasaba, elimu ya nyota, elimu ya mimea? Joka halimwogopi mtu kwa sababu amesoma. Basi alama zote humwagwa kwenye upanga, na meza inakuwa na wapiganaji watano hodari wasiojua wako wapi wala wanapigana na nini.

Makala haya ni jibu letu kwa swali hilo. Tunaandika kwa niaba ya wanachama wa klabu tunaokutana Alhamisi usiku hapa Jalan Bani Bu Hassan, wengine tukitoka vyuoni Ibra, Sur na Nizwa, ili kucheza michezo ya njozi ya mezani kwa Kiswahili. Swali la mgeni ni la haki. Kwenye meza nyingi maarifa kweli hayafai kitu, kwa sababu ya namna yanavyochezwa. Dawa yake tunayo nyumbani siku nyingi, na kila aliyelelewa na bibi Mswahili anaijua. Ni kanuni ya vitendawili.

Kwa asiyewahi kucheza

Mchezo wa njozi wa mezani hauhitaji ubao wala kete za kusogeza. Watu wanne au watano huketi pamoja, na mmoja wao huwa mwongozaji. Mwongozaji husimulia: mmefika kwenye lango la ngome, jua limekuchwa, mlinzi haonekani. Kila mchezaji ana mhusika wake, naye husema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa na shaka hurushwa dadu, mara nyingi lile la pande 20, na juu ya namba iliyotokea huongezwa alama za stadi ya mhusika. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuchapishwa na kuuzwa ni Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka Marekani mwaka 1974.

Toleo lile la kwanza halikuwa na orodha ya stadi za maarifa. Mchezaji alitumia akili yake mwenyewe na kumbukumbu yake mwenyewe. Toleo la tatu, la mwaka 2000, ndilo lililoleta orodha ndefu: elimu ya uchawi, ya majengo, ya jiografia, ya dini, ya koo za wakubwa na nyinginezo. Toleo la tano, la mwaka 2014, likaipunguza na kubakisha nne: uchawi, historia, maumbile na dini.

Ili kuona ugeni wa jambo hili, tulinganishe na bao. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na ndani yake hamna bahati hata chembe. Hapa Oman lipo ndugu yake, hawalis, lenye safu nne vilevile. Katika michezo hiyo, unachokijua ndicho unachokicheza. Fundi wa bao hawezi kusema "mimi sijui, lakini kete zangu zinajua." Katika mchezo wa njozi inawezekana kabisa. Mwanafunzi wa uhasibu anaweza kuwa tabibu, na mtu asiyejua kuogelea anaweza kuwa nahodha. Mhusika anajua asichokijua mchezaji, na maarifa hayo yamo kichwani mwa mwongozaji. Ili yatoke, lazima yaombwe. Hapo ndipo penye utamu wa mchezo, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Namna tatu za kuyaua maarifa

Ya kwanza ni kumruhusu kila mtu arushe dadu. Tuchukue mfano unaojulikana na wachezaji wote: zimwi ambalo katika kanuni za Dungeons & Dragons huitwa troll. Ukilikata, nyama yake huota upya, na linalolizuia lisipone ni moto au tindikali. Mwenye kulijua hilo atawasha mwenge, na asiyejua atakatakata mpaka achoke. Mwongozaji anasema: ili ukumbuke, pata 15. Mwanachuoni wetu ana nyongeza ya 5, kwa hiyo anahitaji dadu lionyeshe 10 au zaidi. Hizo ni nafasi 11 katika 20, yaani asilimia 55. Wenzake wanne hawakusoma kitu, hawana nyongeza, na kila mmoja anahitaji 15 au zaidi. Hiyo ni asilimia 30 kwa kila mmoja. Lakini wote wanne wakirusha, uwezekano wa angalau mmoja kufaulu unafika asilimia 76. Yaani wajinga wanne ni bora kuliko msomi mmoja, nao wamebakisha alama zao zote kwenye panga. Kwa hesabu hiyo, mgeni aliyeuliza historia inafaa nini ameshajibiwa. Toleo la tatu lilikuwa limeuziba mwanya huu: asiyejifunza stadi hakuweza kujibu swali lolote linalozidi 10. Toleo la tano halikuuziba, ikabaki kazi ya mwongozaji kukataa.

Ya pili ni kuyafungia maarifa nyuma ya dadu. Mwaka 1981 Sandy Petersen alitoa Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha ambao wahusika wake ni watafiti, na stadi ya kutafuta habari maktabani ina thamani kuliko bunduki. Ulikuwa mwanzo mzuri wa kumpa msomi heshima yake. Lakini ikiwa jina la mwuaji limo katika gazeti moja tu, na dadu la maktabani likakataa, hadithi husimama. Watu wazima watano hubaki wakitazamana, chai ikipoa. Baadaye Robin D. Laws, katika mfumo wake wa GUMSHOE, alikata mzizi wa tatizo: mhusika mwenye stadi inayofaa, akiwa mahali panapofaa, anapata habari bila kurusha chochote. Kazi ya wachezaji inakuwa kuamua waifanyie nini habari hiyo.

Ya tatu ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inafanana na mafanikio. Mchezaji anarusha, anafaulu, na mwongozaji anamsomea kurasa mbili za tarehe za wafalme waliokwisha kufa. Wote wanasikiliza kwa adabu. Halafu wanafanya vile vile ambavyo wangefanya bila kusikia. Maarifa yasiyobadilisha uamuzi hata mmoja ni mapambo, na mchezaji akishapambwa mara mbili hatauliza tena.

Asiyejua hutoa mji

Sasa twende kwa bibi. Mtegaji anasema "Kitendawili!" na wenzake wanaitikia "Tega!" Anatega: nyumba yangu haina mlango. Wenye kujua wanajibu kuwa ni yai, na zamu inaendelea. Lakini wakishindwa, mchezo haufi. Mtegaji anadai: "Nipe mji." Wanampa Mombasa, anaukataa. Wanampa Unguja, anaupokea, anaeleza kwa majivuno jinsi alivyokwenda huko na kupokewa, kisha anatoa jibu. Mwisho wa yote, kila mtu amejua. Mmoja amelipwa na wengine wamelipa.

Kanuni hiyo ina mambo matatu ambayo vitabu vya kanuni vimeyatafuta kwa miaka mingi. Kwanza, kutojua kuna bei, kwa hiyo kujua kuna thamani. Pili, jibu hutoka kwa vyovyote, kwa hiyo hadithi haikwami. Tatu, bei inajadiliwa mbele ya watu, na mjadala wenyewe ni sehemu ya raha. Kitu kinachokaribiana nayo kimo katika Dungeon World, mchezo wa Sage LaTorra na Adam Koebel wa mwaka 2012. Humo, mchezaji anapokumbuka jambo, mwongozaji anaweza kumwuliza amelijuaje, na jibu lake linaingia katika hadithi. Lakini mji haumo. Mji ni wetu.

Tangu tuiingize kanuni hii mezani, tunacheza hivi. Mwenye stadi inayohusika hujibiwa bila dadu, tena kwa maneno yasiyozidi matatu au manne ya maana: jambo lenyewe, hatari yake, na njia mbili zilizofunguka. Asiye na stadi naye anaweza kujua, ila atoe mji. Mji ni kitu ambacho kikundi kinakiona kinaondoka: siku moja ya safari, kiriba cha maji, siri aliyoahidi kuitunza, deni kwa mtu asiyependwa, au jina zuri katika soko fulani. Mwongozaji anaruhusiwa kuukataa mji wa kwanza. Dadu hurushwa pale tu ambapo bei ya mji haijulikani.

Matokeo yake ni kwamba mchezaji mwenye alama katika historia haonekani tena kama aliyezitupa. Kila anapofungua mdomo, wenzake wanaona mji uliookolewa.

Kutoka Jalan mpaka Unguja

Majoka na mapango ya Ulaya tuliyacheza, tukayachoka. Hadithi tunayoicheza sasa inaanza mahali tunapoishi. Wahusika wanatoka Jalan, wanapita pembezoni mwa mchanga wa Wahiba, wanafika Sur, wanapanda jahazi kwenda Unguja. Majini na mazimwi wamo, kwani ni njozi. Lakini stadi za maarifa ni zile ambazo watu wa njia hii walizihitaji kweli, na tumegundua kuwa kila moja inazaa uamuzi wake bila kusukumwa. Tutaje nne.

Elimu ya falaj na nyota. Katika vijiji vingi vya Oman maji ya falaj hugawiwa kwa muda. Fungu la kawaida huitwa athar, kiasi cha nusu saa. Mchana zamu ilipimwa kwa kivuli, usiku kwa nyota zinazochomoza na kuzama. Mifereji mitano ya namna hii iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, ukiwemo Falaj Daris wa Nizwa na Falaj al-Jeela wa wilaya ya Sur. Mezani inakuwa hivi: kikundi kimefika kijijini usiku wa manane, ngamia hawajanywa siku tatu. Maji yanapita mbele yao, lakini yana mwenyewe. Mwenye stadi anatazama juu na kusema zamu ya sasa ina muda gani na inayofuata itaanza nyota gani ikichomoza. Kumbe kuna mtu wa kumwamsha na kumwomba. Asiyejua anayo njia mbili: kukaa na kiu, au kuiba maji na kuondoka akiwa adui wa kijiji kizima. Huo ndio mji wake.

Elimu ya nyayo. Mabedui wa mchangani wamesifika kwa kusoma nyayo za ngamia: kama amebeba mzigo, kama ana mimba, ametoka nchi ya mawe au ya mchanga, hata ni wa nani. Kwenye mchezo, stadi hii huwaambia wahusika kuwa watu wanaowafuata ni wenyeji waliopoteza ngamia, wala si wanyang'anyi. Upanga unabaki alani, na hadithi inapata marafiki.

Elimu ya pepo. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Disemba mpaka Machi, na ndiyo iliyowashusha mabaharia wa Sur mpaka pwani ya Waswahili. Kusi huanza Aprili na kuwarudisha. Lakini ikifika Juni na Julai, Bahari ya Arabuni huchafuka, na nahodha mwenye akili hatoki bandarini. Kwa hiyo swali "tungoje Unguja tulipwe deni, au tuondoke wiki hii?" ni swali la maarifa. Aliyejifunza pepo anajua kuwa kukawia wiki tano kunaweza kuwa kukawia mpaka Agosti. Hakuna zimwi mezani petu lililowahi kuzua ubishi kama kalenda hiyo.

Historia na nasaba. Hapa tunajifunza pia mpaka wa maarifa. Mwaka 1820 jeshi la Waingereza likiwa pamoja na Sayyid Said bin Sultan lilishindwa na Bani Bu Ali, jirani zetu. Mwaka 1821 Waingereza wakarudi na nguvu kubwa zaidi na kuwashinda. Mtu anayejua hayo, akiambiwa kuwa mwaka 1835 afisa mmoja Mwingereza, James Raymond Wellsted, anakwenda kwa Bani Bu Ali hao hao, angebashiri kifo. Wellsted alipokewa kwa ukarimu mkubwa, mwenyewe akastaajabu. Historia ilimwambia ukweli kuhusu vita, lakini haikumaliza habari za wenyeji. Kwa hiyo mwongozaji mzuri husema "unajua kuwa walipigana", kisha humwachia mchezaji hatari ya kuamua maana yake. Maarifa yakishajibu kila kitu, mchezo umekwisha.

Mfalme aliyerudi kwa miguu

Kwa wanaodhani tunakuza mambo, tunayo hadithi ya zaidi ya miaka 1000. Imo katika mkusanyo wa visa vya mabaharia unaojulikana kwa jina la Maajabu ya Bara Hindi, wa Buzurg bin Shahriyar, na mwanzo wake ni bandari ya Oman.

Mwaka 310 wa Hijra, yaani 922, nahodha Ismailawayh aliondoka Oman kwenda Qanbalu. Upepo ukamsukuma mpaka Sofala, nchi ya Zanji. Mabaharia waliogopa kuliwa. Mfalme wa hapo, kijana, akawapokea vizuri, wakafanya biashara bila kuonewa. Siku ya kuondoka mfalme aliwasindikiza mpaka ndani ya chombo pamoja na watu wake wachache. Nahodha alipiga hesabu ya bei yao sokoni, akatweka tanga, akawachukua. Waliuzwa Oman.

Miaka ikapita. Upepo ule ule ukamrudisha nahodha pwani ile ile, na alipofikishwa mbele ya mfalme, akamkuta ni yeye yule aliyemwuza. Mfalme akamsimulia. Alinunuliwa akapelekwa Basra, akajifunza sala, saumu na sehemu ya Kurani. Akauzwa tena, akafika Baghdad, akajua Kiarabu na kuijua dini zaidi. Akaona kundi la mahujaji kutoka Khorasan, akaungana nao mpaka Makka, akahiji. Akafuatana na msafara mpaka Misri. Huko aliona mto mkubwa, akauliza unatoka wapi. Akaambiwa chanzo chake ni nchi ya Zanji. Basi akaufuata. Njiani alikamatwa mara kadhaa na kufanywa mtumwa, akatoroka kila mara, mpaka akafika kwake na kukuta kiti chake hakijapewa mtu. Akamsamehe nahodha, kwa kuwa ndiye aliyekuwa sababu ya yeye kuujua Uislamu. Lakini kuhusu kumsindikiza tena mpaka chomboni, akasema hilo hapana.

Tukikiweka kisa hiki mezani, tazameni karatasi za wahusika wawili. Nahodha ana chombo, watu, silaha na stadi ya bahari. Mfalme hana kitu, hata nafsi yake si yake. Anachopata njiani ni lugha, dini, desturi za msafara, na mwisho jibu la swali moja la jiografia. Kila alichojifunza kilifungua mlango uliofuata: bila Kiarabu asingeuliza, bila ibada asingeingia katika kundi la mahujaji, bila kuuliza habari za mto asingejua njia. Alilipa miji mingi, lakini hadithi yake haikukwama. Nahodha, pamoja na elimu yake yote ya bahari, alisukumwa na upepo mara mbili.

Sisi vijana wa Oman tuna sababu nyengine ya kukicheza kisa hiki. Biashara ya watumwa ilipita katika bandari zetu, na baadhi yetu tuna mababu wa pande zote mbili za kisa. Kuna meza ambazo jambo hilo halizungumzwi. Katika mchezo, mtu anaweza kuwa mfalme kwa usiku mmoja na kufuata mto, na mwengine akawa nahodha anayesimama mbele ya aliyemwuza, akitafuta la kusema. Hakuna stadi ya dadu inayomjibia.

Lugha kama stadi

Tukafikia swali lililo karibu zaidi na klabu yetu. Katika karatasi ya mhusika lugha ni stadi kama nyengine. Katika maisha yetu pia. Wengi wa wazee wetu wanaozungumza Kiswahili walizaliwa au kukulia Unguja, Pemba na bara, wakaja au kurudi Oman baada ya Mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya 1970. Kiswahili kilibaki jikoni na barazani. Skuli ilikuwa Kiarabu, kazi ikawa Kiarabu na Kiingereza. Kijana anayekisikia kwa bibi yake huuliza lile lile la mgeni wetu: hiki kinafaa nini?

Tuliongeza kanuni moja. Mchezaji atakayeleta mezani neno la Kiswahili la kitu cha safari, alilolipata kwa mzee na analoweza kulieleza, mhusika wake anakijua kitu hicho bila dadu na bila mji. Yamekuja maneno ambayo hatukuyakuta darasani: foromali, boriti inayobeba tanga, joshi na demani, upande wa upepo na upande wa pili wa chombo, matlai na umande, pepo za asubuhi. Kila neno limeokoa kitu katika mchezo. Neno joshi liliokoa jahazi zima, kwa kuwa mwenye kulijua alijua wapi pa kuwapanga watu dhoruba ilipokuja.

Ilionekana mapema kuwa kanuni hii inawapendelea wenye bibi Waswahili. Wenzetu wa nyumba za Kiarabu tupu hapa Jalan walidai haki yao, nasi tukaipanua: mwenye kuleta elimu ya nyumbani kwake, yoyote, anapata nafasi ile ile, mradi aieleze kwa Kiswahili. Basi zikaja tende, khalas na fardh na khunaizi, ipi inaliwa mbichi na ipi inavumilia safari. Yakaja magonjwa ya ngamia na desturi za zamu ya falaj. Mmoja analeta foromali, mwengine analeta tende, na jahazi linaondoka na vyote viwili.

Maarifa yasipotumika hupotea, na mfano wake uko Sur. Mwaka 1980 Tim Severin alijengewa huko chombo Sohar, kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari kama vyombo vya kale, akasafiri nacho mpaka China. Mafundi wa kushona walitoka visiwa vya Lakshadweep, India. Bandari iliyojaa waunda majahazi ilibidi itafute mbali mikono inayojua kushona. Mji uliotolewa siku ile ulikuwa mkubwa.

Kwa anayetaka kujaribu

Mwongozaji, kabla ya kikao jiandikie kwa kila stadi ya maarifa iliyomo mezani jambo moja ambalo, likijulikana, litabadilisha njia ya kikundi. Kama hulipati, mwambie mchezaji mapema abadilishe stadi, usimwache aibebe bure. Jibu kwa ufupi. Usimrushie kila mtu dadu la elimu ya mtu mmoja. Na mji ukitolewa, uondoke kweli. Usiurudishe kwa huruma.

Mchezaji, uliza. "Ninajua nini kuhusu alama hii?" ni tendo kamili kama kuchomoa upanga. Ukijibiwa, fanya kitu na jibu lako, na uwaambie wenzako mhusika wako alilipata wapi. Na kama huna stadi, usione haya kulipa. Aliyempa bibi Mombasa alipata jibu, na kesho yake ndiye aliyekuwa mtegaji.

Kikao kijacho wahusika wetu watakuwa Unguja, mwisho wa Machi, kaskazi ikipungua na deni halijalipwa. Anayetaka kujiunga aje na penseli na neno moja aliloulizia kwa mzee wake. Kahawa na mandazi yapo. Asiye na neno aje pia, tutamwuliza mji.